Zambia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Watu, Uchumi na Serikali Yake

Ukikaa Tunduma, mji wa Tanzania ulio mpakani na Zambia, muda wa kutosha utageuka ofisi ya maelezo. Mimi nipo hapa kwa shughuli za uwakala wa forodha, na kwa siku moja naweza kuulizwa habari za Zambia na dereva anayevuka kwa mara ya kwanza, na mwanafunzi aliyepewa kazi ya darasani, na mama mwenye magunia ya mchele anayetaka kujua kwacha imepanda au imeshuka. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa kwa jinsi yanavyoulizwa, kwa hiyo usishangae ukikuta dagaa kabla ya siasa.

Zambia iko kusini mwa Afrika au ni wenzetu wa mashariki?

Inategemea unamuuliza nani. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, huiweka Afrika Mashariki. Wenyewe hujihesabu watu wa kusini: wamo SADC, maduka makubwa mengi ya Lusaka asili yake ni Afrika Kusini, na mpaka 1964 nchi yao iliitwa Rodeshia ya Kaskazini. Jumuiya ya Afrika Mashariki hawamo. Wamo COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo makao yake makuu yako Lusaka, na ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000.

Nchi haina bahari. Imezungukwa na majirani wanane: Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mpaka wake na Botswana ni kipande kifupi tu cha mto Zambezi pale Kazungula, ambako tangu 2021 kuna daraja la mita 923 badala ya kivuko. Na ukiitazama ramani utaona Kongo imeingiza kidole kirefu ndani, karibu ikate nchi vipande viwili. Ndiyo maana mtu wa Mansa anayekwenda Mufulira kwa njia ya mkato hupita kwanza nchi ya watu.

Wako wangapi?

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu takriban milioni 19.7. Ilianza Agosti ile ile tuliyohesabiwa sisi, na Tanzania tulipatikana milioni 61.7, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi: sisi ni zaidi ya mara tatu yao, ilhali nchi yetu haiizidi yao hata kwa theluthi. Eneo lao ni kilomita za mraba 752,618. Safiri usiku kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka wetu, kwenda Mpika utaielewa hesabu hii bila karatasi. Unaenda mwendo mrefu hujaona taa.

Lakini wanaongezeka haraka. Mwaka 2010 walikuwa milioni 13.1. Katika miaka kumi na miwili wameongezeka nusu ya idadi waliyoanza nayo, na zaidi ya nusu ya wananchi hawajafika umri wa miaka 20. Karibu sita katika kumi wako vijijini. Waliobaki wamejazana Lusaka na kwenye miji ya Copperbelt, yaani Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya, iliyozaliwa na migodi na bado inaishi kwa pumzi ya migodi.

Kiswahili kitanifikisha wapi?

Nakonde, bila shida. Nakonde na Tunduma ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Sokoni unanunua, unapunguziwa bei na unatukanwa kwa Kiswahili. Utakisikia tena Kasumbalesa, mpaka wa Kongo, kwa sababu Wakongo wa Lubumbashi wanakuja nacho. Hapo katikati kinaisha.

Lugha rasmi ni Kiingereza, na lugha saba za nyumbani hutumika mashuleni na redioni: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Lusaka utasikia zaidi Kinyanja, Copperbelt na kaskazini Kibemba. Mswahili hapotei kabisa. Nyanja anasema nyama, nyumba, moto, madzi, mvula. Bemba anasema inama, inganda, amenshi. Kilozi ndicho kigumu kwetu, maana kilichanganyika na lugha ya Wakololo waliotoka kusini kwa Wasotho.

Onyo moja la mezani: Mbemba akikukaribisha ubwali, usinawe mikono ukisubiri wali. Ubwali ni ugali. Wanyanja wanauita nshima, na jina hilo ndilo lililoenea nchi nzima.

Ni kweli wana makabila zaidi ya sabini? Hawagombani?

Wao husema 73, ingawa hesabu ya makabila siku zote inategemea anayehesabu. Kenneth Kaunda, rais wao wa kwanza, aliwapa kaulimbiu ya «One Zambia, One Nation», na mpaka leo inatajwa kama sala. Wakati wa kampeni ukabila hujitokeza, hasa kati ya kura za kusini na magharibi na zile za kaskazini na mashariki. Ila wana dawa ambayo Mtanzania ataitambua mara moja, nayo ni utani.

Wabemba na Wangoni ni watani. Wangoni wa Chipata huwaambia Wabemba wanakula nyani. Wabemba huwajibu kwamba wao huko mashariki hawaachi panya wa shambani. Walozi na Watonga nao wana yao. Haya husemwa msibani mbele ya maiti, na hakuna anayekasirika. Hao Wangoni ni ndugu wa damu wa Wangoni wa Songea. Babu zao walitoka kusini pamoja na Zwangendaba, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na yeye alipofia Ufipa jamaa wakagawanyika. Wengine walishika njia ya Songea, wengine wakarudi na Mpezeni upande wa Chipata, ambako kila Februari wanafanya sherehe ya Nc'wala.

Kwacha maana yake nini?

Kumekucha. Neno lenyewe unalijua, ni kucha kule kule kwa jogoo kuwika. Ilikuwa kauli ya wapigania uhuru, kisha mwaka 1968 ikawa jina la fedha. Senti zao zinaitwa ngwee, neno la weupe wa mwanga.

Kwacha ilikuja ikachakaa. Kufikia mwanzoni mwa karne hii watu walikuwa wanabeba maelfu kununua mkate, ndipo tarehe 1 Januari 2013 wakafuta sufuri tatu: kwacha 1,000 ikawa kwacha 1. Bado kuna wazee Nakonde watakaokutajia bei ya ng'ombe kwa mamilioni. Usitimue mbio, wanahesabu kwa fedha ya zamani. Mwaka 2025 zilitolewa noti mpya, na zikaongezwa za 200 na 500.

Uchumi wao ni shaba tu?

Siyo shaba tu, lakini shaba ikiumwa nchi nzima inalazwa. Karibu asilimia 70 ya fedha zinazotokana na mauzo ya nje ni yake, na Afrika nzima ni Kongo peke yake inayowazidi kwa uzalishaji. Mwaka 2024 walitoa zaidi ya tani 800,000. Serikali imejiwekea lengo la tani milioni 3 kufikia 2031. Mimi nasema tuombe uzima.

Njoo usimame nami kidogo kando ya barabara hapa Tunduma uione. Lori linaloshuka na shaba kwenda Dar es Salaam ukilitazama kwa mbali utadhani dereva amepewa nusu ya mzigo. Mabamba mekundu yamefungwa kwa mikanda ya chuma, vifurushi vichache tu vimepangwa sakafuni, havifiki kiunoni mwa mtu, na juu yake ni hewa tupu. Lakini tairi zimelala. Huo ndio uzito wa mizani, hawezi kuongezewa hata kifurushi kimoja.

Hadithi ya shaba ni ndefu na ina kupanda na kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wanazalisha tani 700,000 hivi kwa mwaka na walihesabiwa miongoni mwa matajiri wa Afrika. Mwaka 1969 Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya migodi. Miaka mitano haijaisha vizuri, bei ya shaba duniani ikaporomoka. Nchi ilikuwa imezoea kutumia, ikaanza kukopa. Shirika la migodi la taifa, ZCCM, lilikuwa linaendesha hospitali, shule, viwanja vya michezo na kukarabati nyumba za wafanyakazi huku mashine zenyewe zikizeeka. Kufikia 2000, uzalishaji ulikuwa umeanguka mpaka tani 250,000 hivi, na migodi ikauzwa kipande kipande.

Sasa migodi ni ya nani?

Wageni kwa sehemu kubwa, na serikali ina hisa kupitia ZCCM-IH. Kansanshi na Sentinel, kule Kaskazini-Magharibi, inaendeshwa na First Quantum ya Kanada. Lumwana ni ya Barrick, pia ya Kanada. Konkola iko chini ya Vedanta yenye asili ya India. Serikali iliinyang'anya 2019, kisha ikairudisha. Mopani ya Kitwe na Mufulira ilinunuliwa na serikali kutoka Glencore mwaka 2021 kwa dola 1, ila ilikuja na deni la dola bilioni 1.5, na mwaka 2024 asilimia 51 zikachukuliwa na kampuni ya Falme za Kiarabu. Wachina nao wana migodi na viyeyushio, hasa Chambishi.

Chambishi ndiko bwawa la mabaki ya mgodi lilikopasuka Februari 2025. Maji yenye tindikali yakaingia kwenye vijito mpaka mto Kafue, samaki wakaelea, na Kitwe ikafungiwa maji ya bomba. Mto huo ndio unaonywesha sehemu kubwa ya nchi.

Kuna pia wachimbaji wadogo, vijana wa Copperbelt wanaojulikana kama jerabo, wanaochokonoa milima ya makapi ya shaba iliyoachwa na migodi ya zamani. Na Lufwanyama wana zumaridi, ambazo ni miongoni mwa zinazosifika zaidi duniani.

Kwa nini walishindwa kulipa madeni?

Walikopa haraka. Kati ya 2012 na 2015 waliuza hati fungani za dola katika masoko ya nje mara tatu: milioni 750, kisha bilioni 1, kisha bilioni 1.25. Juu yake ikaja mikopo ya Wachina ya barabara, viwanja vya ndege na umeme. Bei ya shaba ikayumba, kwacha ikaanguka, na deni la dola likawa linalipwa kwa kwacha nyingi zaidi kila mwezi. Novemba 2020, katikati ya korona, riba ya dola milioni 42.5 ikawashinda. Wakawa nchi ya kwanza ya Afrika kushindwa kulipa katika kipindi kile cha janga.

Kujinasua kulichukua miaka. IMF iliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.3 mwaka 2022, nchi zilizowakopesha, China ikiwa kubwa kuliko zote, zikakubali kupanga upya dola bilioni 6.3 mwaka 2023, na wenye hati fungani wakafuata 2024. Mtu wa kawaida aliyaona mambo haya kwa sura nyingine: ruzuku ya mafuta iliondolewa, na nauli ya basi ikapanda.

Bidhaa zao zinapita wapi, na TAZARA bado ipo?

Zinapita njia kadhaa, ila Dar es Salaam ni mlango mkubwa. Asili yake ni siasa. Rodeshia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilikuwa imefungwa kwa reli na umeme na jirani iliyemkataa. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, likaanza kazi 1968. Januari 1973 Smith akaufunga mpaka. Wakati huo reli ya TAZARA ilikuwa tayari inajengwa, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kusema haina faida. Ilikabidhiwa 1976.

Treni yake ya abiria ya haraka iliitwa Mukuba. Wengi hapa walidhani ni jina la mtu. Ni Kibemba cha shaba.

TAZARA yenyewe ipo, ila imechoka, ndiyo maana barabara yetu imejaa malori. Mwaka 2025 iliingia mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina, CCECC, wa kuifufua kwa takriban dola bilioni 1.4. Upande wa pili Wamarekani na Wazungu wa Ulaya wanasukuma reli ya Lobito, ya kupeleka shaba Angola kwenye bahari ya Atlantiki. Wafanyabiashara wa Tunduma wanaizungumza Lobito kwa sauti ya chini, kama mke anavyozungumzia fununu za mke mwenza.

Umeme wao unakatika kwa nini, na wana Kariba?

Kwa sababu wana Kariba. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wao unatokana na maji, na Kariba, bwawa lililofunguliwa 1960, ndilo ziwa kubwa kuliko yote yaliyotengenezwa na binadamu kwa ujazo wa maji. Mvua isiponyesha vyanzo vya Zambezi, mitambo inasimama. Ukame wa 2023/24 ulikausha kila kitu. Februari 2024 rais alitangaza janga la taifa; kati ya hekta milioni 2.2 za mahindi, milioni 1 ziliharibika. Mgao ukawa mkali kuliko wowote waliowahi kuuona. Vinyozi wa Lusaka walikuwa wanafungua saa nane usiku kwa sababu ndipo umeme uliporudi, na wachomeleaji nao hivyo hivyo. Tangu hapo sola zimekuwa bidhaa ya kila duka.

Kuna jambo ambalo Watonga wa bonde la Gwembe hawalisahau. Watu wapatao 57,000, wa pande zote mbili za mto, walihamishwa kupisha lile ziwa, na vijiji vyao vingi viliishi miaka na miaka bila taa huku nguzo za umeme zikipita juu ya vichwa vyao.

Kwa nini kila habari ya Zambia inataja bei ya unga?

Kwa sababu gunia la unga la kilo 25 ndilo kipimo cha serikali. Dukani kuna wa aina mbili. Ule mweupe uliokobolewa sana umeandikwa Breakfast, ndio sembe yao. Wa bei nafuu, wenye pumba kidogo, umeandikwa Roller. Desemba 1986 serikali ilipoondoa ruzuku ya Breakfast, Copperbelt iliwaka, watu wakafa, na Kaunda akairudisha. Juni 1990 bei ikapanda tena, Lusaka ikalipuka, wanafunzi wakaingia barabarani, na mwisho wa mwezi huo mwanajeshi mmoja akateka redio akatangaza mapinduzi yaliyodumu saa chache. Mwaka uliofuata Kaunda alikuwa nje ya Ikulu. Tangu hapo hakuna rais anayeliangalia gunia la unga kwa dharau.

Ndiyo maana hapa mpakani mahindi ni siasa. Wakipata njaa wananunua kwetu, kama walivyofanya 2024. Wakivuna wanafunga au wanafungua mpaka kulingana na upepo. Mwaka 2025 mvua ilirudi, wakavuna takriban tani milioni 3.7, mavuno makubwa kuliko yote waliyokuwa wamewahi kuyaandika mpaka mwaka huo.

Tunauziana nini kingine?

Mchele wa Mbarali na Kyela unavuka sana. Mitumba, ambayo wao wanaiita salaula, yaani kupekua rundo ukichagua. Vitenge vya Kongo vinazunguka pande zote.

Dagaa ni hadithi tamu. Wazambia wanapenda kapenta, na kapenta ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, jamaa wa dagaa wa Kigoma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walichukuliwa wakapandikizwa Kariba, wakazaliana mpaka wakawa biashara kubwa ya ziwa lile. Kwa hiyo Mzambia wa Siavonga anayekuuzia kapenta «za kwao» anakuuzia mjukuu wa Mpulungu, kule Ziwa Tanganyika.

Halafu kuna chikanda. Ni kitafunwa kinachofanana na soseji nene ya kahawia, kinachotengenezwa kwa mizizi ya okidi iliyotwangwa pamoja na karanga na magadi. Ukikatiwa kipande Kasama na chumvi na pilipili hutaki tena mkate. Tatizo ni kwamba okidi zao zimekwisha, na kwa miaka mingi mizizi imekuwa ikichimbwa Makete na nyanda za Mbeya na kuvushwa hapa ndani ya viroba. Hifadhi ya Kitulo ilipoanzishwa 2005, uchimbaji huo ulikuwa mmoja wa sababu. Ukikamatwa na kiroba hicho usinipigie simu.

Serikali yao imekaaje?

Rais mtendaji, anayechaguliwa moja kwa moja kwa miaka mitano, vipindi viwili. Tangu marekebisho ya katiba ya 2016 lazima apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo mnarudia wawili wa juu. Mgombea huja na mgombea mwenza, na rais akifa mwenza anamalizia kipindi. Zamani rais akifa ilibidi uchaguzi mwingine ndani ya siku 90, nao walizika marais wawili wakiwa madarakani ndani ya miaka sita, gharama iliwachosha.

Bunge ni moja tu, na mawaziri hutoka humo humo. Mgombea ubunge lazima awe amemaliza kidato cha mwisho cha sekondari na ana cheti. Wapo wakongwe waliokwamia hapo. Nchi ina mikoa 10 na wilaya 116. Mkoa unaopakana nasi hapa Tunduma ni Muchinga, uliozaliwa 2011, makao yake Chinsali, alikozaliwa Kaunda. Mameya huchaguliwa na wananchi wenyewe. Uchaguzi ni Alhamisi ya pili ya Agosti, kila baada ya miaka mitano.

Marais wao ni akina nani?

Kenneth Kaunda, 1964 hadi 1991, mwalimu na rafiki wa Mwalimu, mtu wa leso nyeupe. Aliifanya nchi ya chama kimoja, akairudisha vyama vingi, akashindwa vibaya, akakubali. Frederick Chiluba, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alimpiga kwa asilimia 76, kisha 1996 akabadili katiba kwamba rais lazima awe mtoto wa wazazi Wazambia. Wazazi wa Kaunda walitoka Malawi. Mwaka 1999 mahakama moja ilifikia kumtangaza baba wa taifa kuwa si raia. Mahakama ya Juu ikaitengua baadaye.

Chiluba alijaribu muhula wa tatu 2001, chama chake mwenyewe kikamgomea. Akafuata Levy Mwanawasa, aliyefariki 2008, Rupiah Banda, Michael Sata aliyefariki 2014, na kwa miezi mitatu Guy Scott, Mzungu mzaliwa wa Livingstone, aliyekaimu. Edgar Lungu aliongoza mpaka 2021. Alifariki Juni 2025 Afrika Kusini, na serikali na familia yake wakapelekana mahakamani huko kugombea wapi azikwe. Hakainde Hichilema aliapishwa 24 Agosti 2021.

Hesabu mwenyewe: Ikulu imehama chama mara tatu kwa kura, 1991, 2011 na 2021. Katika ukanda wetu hiyo si hesabu ndogo.

Ni kweli Hichilema alifungwa kwa kutopisha msafara?

Kweli. Aprili 2017 kulikuwa na Kuomboka, sherehe ya Walozi ambapo mfalme wao, Litunga, anahama kwa mtumbwi mkubwa mweusi kwa mweupe, Nalikwanda, kutoka Lealui iliyofurika maji kwenda nchi kavu Limulunga. Barabarani kuelekea huko msafara wa Hichilema haukupisha wa Rais Lungu. Akashtakiwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo, akakaa ndani miezi minne kabla ya kesi kufutwa. Miaka minne baadaye, katika jaribio lake la sita, alimshinda Lungu kwa karibu kura milioni 1. Desemba 2022 alitia saini kufuta adhabu ya kifo. Wapinzani wake wa leo, hata hivyo, wanalalamika kuhusu polisi na vibali vya mikutano kwa maneno yanayofanana sana na aliyokuwa akiyasema yeye.

Matokeo ya urais yanaweza kupingwa mahakamani?

Ndiyo, mbele ya Mahakama ya Katiba, na kesi ina siku 14. Wakenya wanaujua mtindo huo. Watanzania tunausikia tu, maana katiba yetu hairuhusu. Ila mwaka 2016 Hichilema alipofungua kesi, mabishano ya utaratibu yalikula siku zote 14, na majaji wakasema muda umekwisha kabla hata ushahidi haujasikilizwa.

Machifu bado wana nguvu?

Wana, hasa juu ya ardhi. Ukitaka shamba kijijini utaanza kwa chifu, siyo kwa mkurugenzi. Wakubwa ni Chitimukulu wa Wabemba, Mpezeni wa Wangoni, Gawa Undi wa Wachewa na Litunga wa Walozi. Huyo wa mwisho ana kesi yake na historia: mkataba wa 1964 ulioipa Barotse, yaani nchi ya Walozi, madaraka ya pekee ulifutwa 1969, na jambo hilo halijapona.

Waislamu wanaishije katika «taifa la Kikristo»?

Salama. Tamko ni la Chiluba, Desemba 1991, na limo katika katiba pamoja na uhuru wa dini. Waislamu ni wachache mno, sensa ya 2010 iliwaweka nusu ya asilimia moja. Chipata ina misikiti mingi, Lusaka pia. Chakula halali uliza kwanza, hasa huku kaskazini.

Maisha ya mtu wa kawaida yakoje?

Magumu kuliko majengo ya Lusaka yanavyoonyesha. Utafiti wa serikali wa 2022 uliwaweka watu 60 katika kila 100 chini ya mstari wa umaskini, na vijijini ni karibu 79. Mjini wengi wanaishi komboni, mitaa ya watu wa kipato kidogo kama Kanyama, Chawama na Mandevu, na riziki inatoka kwenye kibanda cha biashara kiitwacho kantemba. Mtu akikwama hukopa kaloba, mkopo wa mtaani: unachukua kwacha 1,000 leo, mwisho wa mwezi unarudisha 1,500, na kadi yako ya benki inabaki kwa aliyekukopesha.

Yapo yaliyobadilika. Tangu Januari 2022 shule za serikali hazitozi ada mpaka mwisho wa sekondari, na walimu zaidi ya 30,000 waliajiriwa mwaka huo kwa mkupuo. Madarasa yalijaa mpaka watoto wakakaa sakafuni. Mfuko wa maendeleo ya jimbo nao ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi 25.7 kwa mwaka, na ukaendelea kuongezwa. Nakonde utaona madawati mapya na zahanati. Utasikia pia nani kapewa zabuni na ni shemeji wa nani.

Nikivuka nijiandae vipi?

Mtanzania na Mkenya hawaombi viza kwa ziara ya kawaida, beba pasipoti. Tangu 2019 kituo ni kimoja cha pamoja, taratibu za nchi zote mbili unazimaliza jengo moja. Magari yanapita kushoto kama kwetu.

Saa ndiyo inawakosesha watu mabasi. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja: Tunduma ikiwa saa nne asubuhi, Nakonde ni saa tatu. Juu ya hapo wao hawahesabu kwa Kiswahili, saa tatu yetu wao ni saa tisa. Na simu haisaidii. Yangu ikinasa mnara wa upande wa pili inajirudisha yenyewe nikiwa nimekaa ofisini kwangu, Tanzania, sijanyanyua mguu. Ukipanga kukutana na mteja wa kule, muulize kwanza: saa tatu ya wapi?